Mizani ya Moshi: Hesabu za Ugenini na Motokaa za Kolwezi

Mazungumzo ya leo yahusu jambo ambalo likitajwa kwa jina lake la kitaalamu hudhaniwa kuwa ni la watu wa vyuo vikuu peke yao, ilhali athari zake huingia katika kodi tuzilipazo, katika barabara tujengewazo, na katika fedha ambazo mataifa huahidiana kila mwaka kwa ajili ya kuihifadhi hali ya hewa. Swali lenyewe ni hili: hesabu iliyoundwa Ulaya au Marekani ili kukadiria moshi utokao katika motokaa za kila kaya, je, yaweza kuchukuliwa vivyo hivyo ilivyo, ikaletwa katika mji wa migodi kama Kolwezi, katika jimbo la Lualaba la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatoa jibu la insafu?

Wataalamu huiita hesabu ya namna hiyo kielelezo, na ujenzi wake hauna siri. Wachunguzi huteua kaya kwa maelfu, wakabisha hodi nyumba baada ya nyumba, wakauliza watu wa humo ni wangapi, mapato yao ni kiasi gani, wanazo motokaa ngapi, wanakaa umbali gani na katikati ya mji, na jana yake walikwenda wapi, kwa chombo gani na kwa shughuli gani. Kisha majibu yote hayo huchanganuliwa mpaka ipatikane kanuni isemayo kwamba kaya yenye watu kadha wa kadha na pato kadha wa kadha, ikaayo mahali penye msongamano wa kiasi fulani, aghalabu huendesha kilomita kadha kwa mwaka, na kilomita hizo zikizidishwa kwa moshi utolewao na motokaa ya namna ile katika kila kilomita, hesabu imetimia. Kanuni ikisha kupatikana huwa na mvuto mkubwa, kwa sababu aliye nayo hujiona hana haja tena ya kubisha hodi: apewe idadi ya watu, apewe wastani wa mapato, apewe ramani, naye atatoa jibu akiwa ameketi mezani pake, hata kama mji anaouhesabia hajapata kuukanyaga.

Asili ya ilimu hii ni miji ya Marekani ya baada ya Vita Kuu vya Pili. Huko Detroit mwaka 1953, kisha Chicago kuanzia mwaka 1955, mtaalamu aitwaye J. Douglas Carroll aliongoza uchunguzi mkubwa wa safari za wenyeji ili serikali ijue barabara kuu zijengwe wapi, na katika miaka iliyofuata maarifa hayo yakachukuliwa na washauri wa mipango miji hadi katika miji ya Asia, ya Amerika ya Kusini na ya Afrika. Lakini wenye ilimu yao wenyewe hawakukawia kushikwa na shaka. Mwaka 1976 Terry Atherton na Moshe Ben-Akiva walichukua kielelezo kilichoundwa kwa watu wa Washington wakakijaribu katika miji mingine ya nchi yao hiyo hiyo, na wakaonyesha kwamba yafaa kukisahihisha kwa kuwauliza watu wachache wa mahali kinapopelekwa. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa maana ikiwa kielelezo cha Washington chahitaji marekebisho kabla ya kuaminiwa katika mji mwingine wa taifa lile lile, wenye sarafu ile ile na sheria zinazokaribiana, basi safari ya kutoka Washington hadi Dilala na Manika hapa Kolwezi yataka hadhari kubwa zaidi ya hiyo. Na hata ile kazi mashuhuri ya Waaustralia wawili, Peter Newman na Jeffrey Kenworthy, iliyotolewa mwaka 1989, ambayo iliilinganisha miji 32 ya dunia na kuonyesha kwamba mji wenye makazi yaliyotawanyika huchoma petroli nyingi kwa kila mtu, haikuwa na mji hata mmoja wa Afrika ndani yake. Na bado mtu aweza kuutumia mchoro wake hapa Afrika kama kwamba nasi tulihesabiwa.

Nisije nikadhaniwa kuwa napinga kila kitokacho ng'ambo, niseme kwanza lile lililo kweli kila mahali. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa hewa ya ukaa takriban kilo 2.3, na lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7, nayo ni hivyo Brussels, ni hivyo Dar es Salaam, ni hivyo Kasumbalesa mpakani mwetu na Zambia, maadamu kaboni iliyomo katika mafuta haina pengine pa kwenda ila hewani. Sehemu hiyo ya hesabu haiulizi mtu ni wa kabila gani. Lau tungalijua kwa yakini ni lita ngapi zinazochomwa na motokaa za nyumbani katika jimbo la Lualaba kwa mwaka mmoja, tusingalihitaji kielelezo cha mtu yeyote, tungalizidisha tukamaliza. Ndiyo maana miongozo ya jopo la Umoja wa Mataifa linalochunguza mabadiliko ya tabianchi, miongozo ya mwaka 2006, inairuhusu nchi ihesabu moshi wa barabarani kwa kufuata mafuta yaliyouzwa.

Lakini mafuta ya jimbo letu hayafuati njia moja. Mengine hupita katika vituo vyenye pampu na risiti, na mengine huuzwa na wale vijana wa kandokando ya njia, wenye chupa na vidumu, ambao Wakongo wamezoea kuwaita Kadhafi. Mengine huvuka mpaka kutoka Zambia pasipo kuandikwa katika daftari lolote. Na lori lililojaza tangi lake huko Chingola au Kitwe huja likayachomea mafuta hayo juu ya ardhi yetu, ilhali katika hesabu za mauzo yamehesabiwa kuwa ni ya Zambia. Kisha kuna jambo ambalo mtaalamu wa Ulaya halimjii akilini asilan, nalo ni kwamba petroli iliyonunuliwa na mwenye nyumba yamkini haikuingia katika motokaa hata kidogo. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika, na mkaazi wa Kolwezi hahitaji kuambiwa ukatikaji huo ulivyo, petroli ile huingia katika jenereta ya uani, ikawasha taa, ikaendesha friji ya mama auzaye vinywaji na mashine ya kinyozi. Anayehesabu kwa kufuata mauzo huyatia mafuta hayo yote katika fungu la motokaa, akatangaza kwamba watu wa hapa wanaendesha sana.

Na ukatikaji huo wa umeme watia uchungu zaidi mtu akikumbuka kwamba tunakaa juu ya mto wenye nguvu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba yalijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakamilika ule waya mkubwa utokao Inga, karibu na bahari, ukapita misitu na mbuga kwa urefu wa kilomita 1,700 hivi mpaka ukafika hapa Kolwezi, nao pia ukaletwa kwa ajili ya shaba. Karibu umeme wote wa Kongo hutokana na maji. Kielelezo cha ugenini kikiulizwa kuhusu motokaa ya umeme itakayotumiwa Kolwezi, kitatazama orodha, kitaona umeme wa maji, kitajibu kwamba moshi wake ni karibu na sifuri. Wala hakitajua kwamba kaya nyingi hazifikiwi na umeme huo, na kwamba zile zifikiwazo hutimiza haja zao kwa jenereta.

Sasa tufike katika kiini, ambacho ndicho kilichonifanya nilichague somo hili. Kila kielelezo cha aina hii kimesimama juu ya dhana mbili ambazo kwa watengenezaji wake ni dhahiri kiasi cha kutozitaja: kwamba kaya yajulikana mwanzo wake na mwisho wake, na kwamba motokaa ya kaya hutumiwa na kaya. Katika kitongoji cha Ujerumani dhana hizo zaweza kusimama. Mume, mke, watoto wawili, motokaa moja iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wao, nayo huwapeleka kazini, dukani na likizoni. Lakini hapa kwetu, nyumba moja yaweza kuwa na baba na mama, na watoto wao, na mtoto wa dada aliyekuja kusoma kutoka Kasaji, na mdogo wa mume anayengojea kazi mgodini, na bibi mzaa mama aliyekuja kutibiwa akabaki. Na yule mwenye motokaa, ikiwa yuko, yamkini ni kaka mkubwa akaaye Lubumbashi aliyeinunua na kuiacha hapa mikononi mwa ndugu yake ili impatie kitu kidogo kila juma. Je, motokaa hiyo ni ya kaya ipi? Ukihesabu kwa jina lililo katika karatasi, moshi wake utakwenda Lubumbashi. Ukihesabu kwa mahali ilalapo, utabaki Kolwezi. Na ukihesabu kwa faida, utagawanywa baina ya nyumba mbili zilizotengana kwa kilomita mia tatu hivi.

Fauka ya hayo, motokaa hiyo hiyo mchana kutwa ni teksi. Tuchukue mfano wa kupimia tu. Tuseme kuna kaya mbili, kila moja ina Toyota ndogo ileile, iliyokwisha kutumika Japani, inayokunywa lita kumi kwa kilomita mia. Kaya ya kwanza huitumia kwa haja zake, kilomita 12 kwa siku. Itachoma lita moja na kidogo, na moshi wake utakuwa chini ya kilo tatu. Kaya ya pili imeitia barabarani tangu alfajiri, nayo hukimbia kilomita 150 ikipakia abiria kutoka sokoni hadi Musonoi na kurudi. Itachoma lita 15, na moshi wake utazidi kilo 34. Katika daftari la uchunguzi kaya zote mbili zimeandikwa sawasawa: motokaa moja. Kielelezo cha ng'ambo kitazipa wastani mmoja, na wastani huo hautakuwa kweli kwa yeyote kati yao. Na anayetaka kuisahihisha hesabu kwa kuziandikia kilo zote 34 kaya ya dereva atakuwa ameitwika dhambi ya watu wengine, kwa sababu kilomita zile ni za mama aliyekwenda sokoni, ni za mgonjwa aliyepelekwa hospitali, ni za mwanafunzi aliyechelewa, ambao wote hao katika daftari wameandikwa kuwa hawana motokaa na kwa hiyo moshi wao ni sifuri.

Kuna na zile pikapu nyeupe za kampuni za migodi, zenye bendera ndefu mbele na taa ya rangi juu ya paa, ambazo jioni huonekana zimeegeshwa mbele ya nyumba za wahandisi. Mafuta yake hulipwa na kampuni, lakini Jumapili huwapeleka watu kanisani na Jumamosi huwapeleka msibani. Mabasi ya kampuni nayo hupita mitaani kabla ya mapambazuko kuwachukua wafanyakazi wa zamu ya kwanza, na kwa basi moja motokaa nyingi ambazo kielelezo kingezitarajia huwa hazina haja ya kuwako. Na pikipiki za kupakia abiria, ambazo ndizo miguu ya vijana na ya akina mama wa mji huu, hazimo kabisa katika kielelezo kinachoitwa cha motokaa za kaya. Huko kilikozaliwa pikipiki ni chombo cha starehe, kwa hiyo kiliwekwa pembeni bighairi ya kosa lolote la nia.

Dhana nyingine iliyofichika ni ya hiari. Katika miaka hii wataalamu wa Ulaya na Marekani wamebishana sana juu ya swali la kama mtu huendesha sana kwa kuwa anakaa mbali, au anakaa mbali kwa kuwa apenda kuendesha, na wamebuni njia za werevu za kutenganisha sababu na matokeo. Ubishi huo una maana pale mtu anapojichagulia mahali pa kukaa. Kolwezi iliasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, nayo ndiyo iliyoamua mzungu akae wapi na mfanyakazi mweusi akae wapi, kambi ipi iwe jirani ya mgodi upi, na nafasi ya wazi ya kuwatenga iwe pana kiasi gani. Kisha, baada ya mali ya kampuni hiyo kutaifishwa, ikaja Gécamines, kampuni ya serikali, na nyumba zake. Kisha Gécamines ikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakabaki katika nyumba zilizojengwa karibu na kazi ambayo hawakuwa nayo tena. Na katika miaka ya karibuni mashimo ya migodi yamesogea mpaka mitaani, na kaya zikahamishwa; ripoti iliyotolewa Septemba 2023 na Amnesty International pamoja na jumuiya ya hapa hapa Kolwezi iitwayo IBGDH imeeleza habari za watu waliotolewa majumbani mwao kwa ajili ya shaba na kobalti. Mtu aliyeondolewa kwake akaenda kukaa pembezoni, akawa sasa apanda teksi mbili kufika sokoni alikokuwa akienda kwa miguu, huyo hakuuchagua umbali wake. Kielelezo kitamwandika kuwa ni mkaazi wa pembezoni mwenye tabia ya watu wa pembezoni.

Hata kile kipimo cha msongamano, ambacho ndicho nguzo ya vielelezo vingi, hapa huyumba. Chukua idadi ya watu wa Kolwezi uigawe kwa eneo lililo ndani ya mipaka ya mji, nawe utakuwa umeyaingiza katika mgawanyo huo mashimo ya wazi, malundo ya udongo wa mgodi na ardhi iliyozungushiwa ukuta, mahali ambapo hapana mtu alalaye. Msongamano utaonekana kuwa mdogo, na kanuni itakujibu kwamba watu wa mji huu uliotawanyika lazima wanaendesha sana. Ingia katika mitaa yenyewe, ambako nyumba zimebanana hata upenyo wa motokaa ni wa shida, nawe utaona jibu limegeuka. Na umbali kutoka katikati ya mji nao wafaa nini, ikiwa kazi haiko katikati? Mgodi wa Kamoa-Kakula uko upande wa magharibi, kilomita kama 25 nje ya mji. Migodi ya Tenke na Fungurume iko mashariki, mbali zaidi. Asubuhi watu hutoka mjini kwenda nje.

Mapato ni mtego mkubwa kupita yote. Kongo huchimba shaba zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo yatoka Lualaba. Mtaalamu akichukua thamani ya yote yachimbwayo akaigawa kwa vichwa vya wakaazi, atapata jimbo la watu wenye uwezo, na kielelezo kitawapa motokaa ambazo hawajapata kuziota; na akichukua badala yake wastani wa taifa zima, atapata watu wasioweza kununua tairi, na kielelezo kitaifuta misururu ya magari ambayo kila mkaazi huiona kwa macho yake.

Habari ya hali ya motokaa zenyewe nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaijua kuliko vitabu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokaa ndogo zilizokwisha kutumika zipatazo milioni 14 ziliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko bara jingine lolote. Wakaguzi wa Uholanzi nao wakakuta kwamba baadhi ya zile zilizokuwa zikipakiwa kuja Afrika zilikuwa zimekwisha kung'olewa kile chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba lake, kwa sababu ndani yake mna madini ya thamani. Kielelezo husoma mwaka wa kutengenezwa na kuamini kwamba chombo hicho kipo. Kenya huzuia motokaa iliyozidi miaka minane isiingie, jirani zake wana sheria nyingine, na kwa hiyo hata mizani iliyosawazishwa kwa ajili ya Nairobi, ambako mwanzoni mwa karne hii Chuo Kikuu cha California cha Riverside kilikuja kupima mwendo wa magari barabarani kwa ajili ya kielelezo kilichokusudiwa nchi zinazoendelea, haiwezi kuhamishiwa kwetu kwa kalamu tu. Tena Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini kuukuu haichomi mafuta yake ikayamaliza. Wala tusidhani kwamba wenzetu walikuwa na hesabu safi nyumbani mwao: mwaka 2015 ulimwengu mzima ulijua kwamba motokaa za dizeli za Volkswagen zilitengenezwa ili zitoe moshi mdogo zikiwa katika chumba cha majaribio na moshi mwingi zikiwa barabarani.

Lakini kuna jambo moja la afya ambalo siwezi kulipita kwa haraka, nalo ni vumbi. Vielelezo vingi vya moshi wa kaya huhesabu kile kitokacho katika bomba, kwa kuwa huko vilikotungwa barabara ni za lami. Hapa, katika miezi ya kiangazi, mwendo wa gari moja huinua wingu jekundu linaloingia madirishani, na vumbi hilo si la udongo mtupu. Dakta Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichunguza watu wa Katanga, jimbo letu la zamani, waishio karibu na migodi na viwanda, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kobalti nyingi katika mikojo yao. Na mwaka 2018 wakatoa uchunguzi wa mtaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, wakaonyesha kwamba watoto ndio waliobeba kobalti zaidi miilini mwao. Mama wa Kasulo akiulizwa ni nini kimdhurucho katika magari yapitayo mlangoni pake, atataja vumbi kabla ya kutaja hewa ya ukaa, naye atakuwa na haki. Hesabu inayoliacha vumbi nje haijamhesabia huyo mama kitu.

Na magari mengi yapitayo mlangoni pake si ya kaya yoyote. Ni malori yachukuayo shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, na kutoka huko kwenda Durban, Dar es Salaam, Walvis Bay na Beira. Hapa ndipo mizani ya dunia inapoelemea upande mmoja. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na sehemu ya kobalti hiyo huingia katika betri za motokaa za umeme. Huko Norway mwaka 2023 motokaa mpya zaidi ya nane katika kila kumi zilizouzwa zilikuwa za umeme. Kaya ya Oslo inayoendesha motokaa hiyo huandikwa katika kielelezo cha huko kuwa haitoi moshi barabarani, na kwa kweli haitoi. Lakini dizeli iliyochomwa na lori kati ya Kolwezi na mpaka, na vumbi lililoinuliwa, vimebaki katika daftari la Lualaba, au havikuandikwa popote. Vielelezo viwili, kimoja cha Oslo na kimoja cha Kolwezi, kila kimoja kikiwa sahihi katika mipaka yake, vyaweza kwa pamoja kuficha kwamba safari ya kaya ile ina kipande chake hapa. Sisemi haya ili kuwalaumu watu wa Norway, waliofanya jambo jema kwa hewa ya mji wao. Nasema kwa sababu pale mikoa inapolinganishwa, na fedha zikagawanywa kwa mujibu wa ulinganisho huo, ni lazima kipande hicho kionekane.

Na fedha zitagawanywa. Serikali ya Kongo katika ahadi yake ya mwaka 2021 ilisema itapunguza moshi wake kwa asilimia 21 kufikia mwaka 2030, sehemu kubwa kwa sharti la kupata msaada, na atakayeleta msaada ataomba hesabu. Hofu yangu ni kwamba siku hiyo, kwa kukosa hesabu yetu, tutaazima. Na hesabu ya kuazima ikisema kwamba kosa ni la Toyota kuukuu ya mwalimu, basi kodi na marufuku zitaelekezwa kwa mwalimu, na basi la abiria ambalo lingaliwapunguzia watu haja ya teksi mbili halitanunuliwa kamwe, kwa maana katika daftari abiria wale hawakuwako.

Dawa yake haina gharama kubwa, na ndiyo ile waliyoishauri Atherton na Ben-Akiva: kielelezo kije, kisha kisahihishwe kwa watu wa hapa. Sensa ya mwisho ya taifa letu ilifanywa mwaka 1984, kabla ya wengi wa wanaonisikiliza kuzaliwa, kwa hiyo tusingoje sensa. Uchunguzi wa afya ya kaya ambao hufanywa nchini mara kwa mara tayari huuliza kama nyumba ina motokaa au pikipiki. Kinachokosekana ni kilomita na lita. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kupitia ile taasisi yake ya Observatoire du Changement Urbain, kilikwisha kuonyesha miaka ishirini na zaidi iliyopita kwamba wanafunzi wa hapa waweza kwenda nyumba kwa nyumba na kuandika kwa uangalifu maisha ya kaya za mji wa Katanga, na Chuo Kikuu cha Kolwezi kina vijana wanaoijua mitaa ya Manika kama viganja vyao. Waulize kwa Kiswahili chetu, si kwa fomu iliyotafsiriwa: motokaa hii yalala wapi, na mchana yafanya kazi ya nani? Jana ilitiwa mafuta kiasi gani, yalinunuliwa kituoni au kwa Kadhafi, na mangapi yaliingia katika jenereta? Asiye na motokaa naye aulizwe alipanda nini na alilipa kiasi gani, kwa sababu nauli ni ushahidi mzuri wa umbali. Mafundi wa gereji waulizwe ni motokaa ngapi kati ya walizozifungua zingali na kile chombo cha kusafishia moshi. Na uchunguzi wote ufanywe mara mbili, mara moja Julai, wakati wa vumbi, na mara moja Januari, wakati mvua imezikata barabara za mitaa na dereva hulazimika kuzunguka. Kisha matokeo yasomwe katika redio hii, kwa lugha ambayo waliojibu waliulizwa, ili mama wa Kasulo na dereva wa Musonoi wapate kusema ni wapi hesabu imewakosea kabla haijapelekwa Kinshasa.